Soma gari kabla hujalifungua: nilivyofufua Ferret ya jeshi

Baba yangu mkubwa alikuwa kijana Dar es Salaam mwezi Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi kambini Colito, mahali ambapo sasa ni Lugalo. Maasi yalianza tarehe 20. Mwalimu Nyerere aliomba msaada wa Waingereza, na alfajiri ya tarehe 25 makomando wao walishushwa kwa helikopta kutoka kwenye meli ya HMS Centaur iliyotokea Aden. Meli hiyo ilibeba pia magari madogo ya deraya ya kikosi cha 16th/5th Lancers, aina ya Ferret. Nimelisikia simulizi hilo tangu utotoni. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kununua Ferret mbovu hapa Uingereza ninakoishi, sikuwa natafuta chombo cha kuringia kwenye maonyesho. Nilitaka kujua lilikopita, na nilitaka litembee tena.

Mimi ni fundi magari kwa kazi. Nimeshusha injini za malori na mabasi, lakini deraya ni habari nyingine. Ferret haina chesesi. Bodi lenyewe, mabamba ya chuma yaliyochomelewa, ndilo linalobeba kila kitu. Unene wa mabamba hayo ni kati ya milimita 6 na 16, na gari zima lenye tareti, kile kibanda cha bunduki kinachozunguka juu, lina uzito wa zaidi ya tani 4 ingawa urefu wake haufiki mita 4. Daimler wa Coventry walizitengeneza kuanzia 1952 hadi 1971, zaidi ya 4,400, na zilisambaa kila mahali jeshi la Uingereza lilipokuwa na kazi: Malaya, Cyprus, Aden, na Oman, ambako kikosi cha Life Guards kilikuwa nazo wakati wa vita vya Jebel Akhdar.

Muuzaji alikuwa mzee aliyeliweka bandani miaka mingi. Breki zilikuwa zimeshika, injini haizunguki, matairi yamekufa. Ila lilikuwa kamili, na hilo ndilo la kuangalia kuliko kitu kingine chochote. Kutu ya juu juu kwenye bamba nene si tatizo. Kinachoumiza ni vitu vidogo vilivyong'olewa: kisanduku cha swichi, soketi ya waya, kioo cha periskopu. Vya namna hiyo utavitafuta hadi uchoke.

Wenzangu wa hobi hii walinishauri nipulize mchanga bodi zima siku ya kwanza ili nianze na chuma kitupu. Nilikataa, na ningemwambia kila anayeanza akatae vilevile. Rangi ya gari la jeshi ni kumbukumbu. Kila lilipohamishwa kikosi au nchi, rangi mpya ilipigwa juu ya ile ya zamani. Ukipuliza mchanga, umechoma faili lote kwa mchana mmoja.

Njia ya kulisoma ni rahisi lakini inataka subira. Nilichukua msasa laini wa maji, nikachagua mahali tambarare ubavuni, nikasugua kwa mviringo taratibu huku nikimwagia maji. Maji ni lazima, kwa sababu rangi za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Barakoa pia ni lazima. Ukisugua katikati zaidi kuliko pembeni, matabaka hujitokeza kama pete ndani ya pete. Juu kabisa nilikuta kijani na nyeusi, mabaka ya miaka ya mwisho. Chini yake kijani kingine. Kisha nikakuta nyeupe, nene na safi. Chini ya nyeupe ilikuwepo rangi ya mchanga, ile ya jangwani. Mwisho kabisa, juu ya rangi ya msingi, kijani kilichoiva chenye mng'ao, ambacho ndicho magari haya yalitoka nacho kiwandani.

Hiyo nyeupe ndiyo iliyonifanya niache kazi nyingine zote kwa muda. Nilihamia upande wa pili wa bodi, nikaondoa kijani kidogo kidogo bila kuigusa nyeupe. Ukaanza kuonekana mstari mweusi uliosimama wima, kisha mwingine ulioinama ukiungana nao, kisha wa tatu. Herufi N. Kushoto kwake, baada ya jioni nyingine ya msasa, U. Gari langu liliwahi kuvaa rangi za Umoja wa Mataifa. Waingereza walikuwa sehemu ya kikosi cha kulinda amani cha Cyprus tangu kilipoundwa Machi 1964, na Ferret zao huko zilipakwa nyeupe.

Rangi inakuambia pa kutafuta, lakini uthibitisho uko kwenye karatasi. Jeshi la Uingereza hugawa magari yake kwa herufi: A ni ya deraya, B ni malori na magari ya kawaida, C ni mitambo ya kiinjinia kama makatapila na magreda. Ni muhimu kujua gari lako liko kundi gani, kwa sababu kumbukumbu zake hazikuhifadhiwa mahali pamoja. Kadi za magari ya deraya ziko kwenye hifadhi ya The Tank Museum, kule Bovington, Dorset. Unachohitaji ni namba ya usajili ya kijeshi, ambayo kwa magari ya enzi hizo, kuanzia 1949, ilikuwa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Yangu ilikuwa imefutwa kwa rangi, lakini msasa uleule uliirudisha kwenye bamba la mbele, na nikailinganisha na kibati cha ndani chenye namba ya bodi. Usitegemee kimoja tu. Vibati huhamishwa kutoka gari hadi gari, hasa yanapopita karakana kuu za jeshi.

Nikiwa nasubiri majibu ya Bovington nilirudi kwenye chuma. Injini ni Rolls-Royce B60, silinda sita za mstari, lita 4.25, ya petroli. Valvu za kuingiza ziko juu na za kutolea moshi ziko ubavuni, na hizo za ubavuni hupenda kushika gari likikaa muda mrefu. Usilazimishe kwa stata. Nilitoa plagi zote, nikamimina mafuta ya kupenya kwenye kila silinda na kwenye mashina ya valvu, nikaacha. Kila nikipita naongeza kidogo. Ilipokubali kuzunguka kwa mkono, valvu mbili zilibaki zimesimama wazi. Nilifungua vifuniko vya pembeni nikazigonga taratibu kwa kipande cha mti huku nikizitia mafuta, zikashuka, zikapanda, zikashuka. Hapo ndipo nilipojua injini haina haja ya kushushwa.

Giaboksi ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko yote. Hakuna klachi. Unachagua gia kwa kijiti, hakuna kinachotokea, kisha unakanyaga pedali iliyokaa mahali pa klachi na kuiachia. Hapo ndipo gia inaingia. Ndani kuna bendi zinazobana madramu, na kati ya injini na giaboksi kuna flywili ya mafuta inayolainisha mshtuko. Gia ni tano, na kijiti kingine kinageuza zote tano ziwe za kurudi nyuma, kwa hiyo gari linaweza kukimbia kinyumenyume kwa kasi ileile linayoenda mbele. Kwa askari wa upelelezi aliyekutana na adui kwenye kona, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi. Gari likikaa sana, bendi hulegea. Dawa yake ni kuwasha injini gari likiwa limesimama, kuchagua gia moja baada ya nyingine na kukanyaga pedali tena na tena, hadi virekebishaji vya ndani vijikaze vyenyewe. Kanyaga hadi chini kila mara. Ukikanyaga nusu, pedali inaweza kukurudia kwa nguvu za springi zote, na mguu ndio utakaolipa.

Kuna mambo mawili kwenye magurudumu ambayo yanaweza kuua, na nitayasema bila kuzunguka.

La kwanza ni rimu. Ni za vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti. Kuna nati zinazofunga gurudumu kwenye habu, na kuna nati zinazoshikilia vipande hivyo viwili. Ukifungua hizi za pili tairi likiwa na upepo, rimu inapasuka kama bomu. Toa kiini cha valvu kwanza, hakikisha upepo umeisha wote, ndipo ushike spana. Mimi hupaka nati hizo rangi nyekundu hata kama si rangi ya asili, na siwezi kubishana na mtu juu ya hilo.

La pili ni mvutano wa shafti. Ferret haina eksele. Katikati kuna difu moja inayogawa nguvu kushoto na kulia, kisha kila upande shafti mbili, moja kwenda mbele na moja nyuma. Magurudumu mawili ya upande mmoja yamefungwa pamoja; hayawezi kupishana mwendo. Kwenye kona tairi la mbele husafiri umbali mrefu kuliko la nyuma. Kwenye mchanga au majani tairi linateleza na mvutano unaisha. Kwenye lami halitelezi, kwa hiyo shafti zinajinyonga, zinazidi kujinyonga, mpaka gia za pembe zivunjike. Ukiinua gurudumu kwa jeki wakati shafti zimejinyonga, linaweza kufyatuka na kuzunguka kwa nguvu za kuvunja mkono. Kwa hiyo kabla ya kuinua, pitisha gari kwenye majani au upandishe upande mmoja ukingoni mwa barabara. Na matairi yote manne lazima yawe na mzunguko sawa. Tairi tatu zilizolika na moja jipya ni njia ya haraka ya kununua giaboksi jingine.

Jirani yangu wa karakana ana trekta la vita la wahandisi, lile lililotengenezwa Leeds kwa ajili ya Royal Engineers, lenye ndoo ya kuchimbia nyuma, viti viwili na nanga inayorushwa kwa roketi ili gari lijivute lenyewe kutoka mtoni. Nikilalamika juu ya shafti zangu ananionyesha mabomba yake ya haidroliki. Anayefikiria kuanza na mtambo wa kihandisi ajue hilo: mfumo wa haidroliki peke yake ni mradi kamili. Anza na la magurudumu.

Majibu ya Bovington yalikuja kwa picha ya kadi. Mistari michache tu: kutoka bohari, kwenda Aden, kurudi karakana, kwenda Cyprus, kurudi tena. Tabaka la mchanga na tabaka la nyeupe, kwa mpangilio uleule niliouona ubavuni. Lilifika Aden mwaka 1965. Maana yake ni kwamba halikuwa kwenye HMS Centaur. Nilimpigia simu baba mkubwa jioni ile ile.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Enhe, ndilo lenyewe?"

"Hapana. Lilifika Aden mwaka mmoja baadaye. Lakini ni ndugu yake."

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama lina kile kidirisha cha mbele kinachofunguka kwenda juu, na kama dereva anaketi chini sana hadi huoni ila kofia. Nikamwambia ndivyo. Basi akanieleza upya siku ile, safari hii kwa undani ambao sikuwahi kuusikia: barabara ipi, saa ngapi, nani alikuwa naye. Nimeyaandika yote, na nakala nimeiweka kwenye faili moja na kadi. Aliyetaka kufuata upande wa kikosi chenyewe anaweza kwenda The National Archives, Kew: taarifa za vikosi vya jeshi baada ya vita ziko kwenye fungu la WO 305, na daftari za meli kwenye ADM 53.

Nimelipaka nyeupe. Wapo waliotaka mabaka ya kijani na nyeusi kwa sababu ndiyo watu wanayoyatarajia, lakini kadi inasema Cyprus na herufi zilikuwepo pale pale nilipoziandika tena. Ndani, nyuma ya kiti cha dereva, sikupiga rangi yoyote. Matabaka yamebaki yalivyo kwa ajili ya fundi atakayelipata baada yangu. Saa za dashibodi nazo sikuzifungua, kwa kuwa rangi inayong'aa gizani kwenye vifaa vya zamani vya jeshi mara nyingi ni ya radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Nilifuta vioo kwa nje tu.

Injini inawaka, breki zinashika, gia zote kumi zinaingia. Kilichobaki ni matairi manne ya 9.00x16 ya aina moja na umri mmoja. Mwenye seti kamili anitafute. Moja moja sinunui.