Nilivyozuia matufaha ya McIntosh yasidondoke kabla ya kuchumwa

Miaka miwili mfululizo, kila Septemba, nilikuta matufaha yametapakaa chini ya miti yetu ya McIntosh hapa jimbo la New York. Tufaha likidondoka hupondeka, na mnunuzi wa matunda ya mezani halitaki tena. Iliniuma sana.

Kosa langu lilikuwa wakati wa kupuliza dawa. McIntosh inapoiva hutoa gesi ya ethilini, na seli za pale kikonyo kinaposhika tawi huanza kuachana. Mimi nilikuwa napuliza NAA, dawa ya jamii ya oksini (homoni za mimea) inayosaidia tunda kushika tawi, wakati matunda yameshaanza kuanguka. Dawa hiyo huchukua siku 3 au 4 kushika, kisha nguvu yake hudumu wiki moja hivi. Tena joto likiwa kali huweza kuharakisha kuiva: tunda linabaki mtini, lakini linalainika.

Safari hii nilipuliza AVG, inayouzuia mti kutengeneza ethilini, wiki 4 kabla ya kuchuma. Mistari miwili niliiacha bila dawa.

Ilipokaribia siku, nilikata matufaha katikati nikayapaka iodini, ambayo hugeuza wanga kuwa mweusi. Ya mistari ile miwili yalibaki meupe sehemu kubwa, wanga umeshageuka sukari. Yaliyopulizwa yaligeuka meusi karibu yote, na nilipoyainua kwa kiganja hayakuachia tawi.

Gharama yake ni rangi: wekundu ulichelewa. Kwa hiyo miti tunayoichuma kwanza sitaipulizia AVG mwakani.