Mpasuko wa njia ya haja kubwa: shemeji alivyotaka kunimaliza

Mtaani kwetu kila mtu ni bingwa wa bawasiri. Ukisema tu unaumwa huku nyuma, hujamaliza maneno ushatajiwa mizizi. Mimi sikuwa na bawasiri, nilikuwa na mpasuko, ngozi ya pale mlangoni imechanika, na daktari aliujua kwa kuangalia tu. Maumivu yake hayana adabu. Unatoka chooni unadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza: msuli wa ndani unakaza, saa nzima, saa mbili, haulegei. Na ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, kwa hiyo hakifungi.

Shemeji yangu akaja na falsafa yake. "Shem, usile. Usipokula utaenda choo na nini?" Kwa mtu mwenye maumivu, hoja hiyo inaingia vizuri sana. Nikashindia chai ya rangi na kipande cha mkate, siku zikapita kwa raha, shemeji anatamba. Kisha tumbo likadai haki yake. Kilichoshuka kilikuwa jiwe. Nilishika bomba la maji kwa mikono miwili, jasho linatiririka, nikawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, mpaka mwanangu akagonga mlango: "Baba, unaongea na nani?" Jioni shemeji karudi na kitunguu saumu kimemenywa tayari, eti nikichomeke. Mke wangu ndiye aliyemtoa nje.

Basi nikarudi kwenye chakula: dona, maharage, mlenda, papai, maji mengi, na dawa ya maji ya laktulosi ya kulainisha choo. Inajaza gesi, familia ivumilie. Kuna jirani alinigawia tramadol zake, vidonge vikali vya maumivu, nikamrudishia. Vidonge vya aina hiyo vinafunga choo, na choo kikifunga ndiyo yale ya bombani. Panadol ilinitosha.

Lakini mkombozi hasa ni beseni. Maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, bila dettol, bila chumvi. Ujanja wangu: beseni linakuwa tayari kabla sijaingia chooni, chupa ya chai ya maji moto pembeni, redio imewashwa. Nikimaliza tu, nazama kabla msuli haujapata wazo la kukaza. Robo saa hivi, unausikia ukilegea wenyewe.

Daktari alinipa pia marhamu ya nitrogliserini, dawa ile ile wanayotumia wagonjwa wa moyo. Ile si ya bei ya panadol, jipange. Famasi wakaniuliza kwa sauti kama natumia vidonge vya nguvu za kiume, foleni nzima ikatega masikio. Swali halali lakini: zikikutana presha inaweza kuporomoka. Paka kwa glavu, tena ukiwa umelala, maana kichwa kinagonga haswa mwanzoni.

Kwenye daladala nilikuwa nasimama hata siti zikiwa tupu. Konda: "Mzee, kaa basi!" Nikamwambia nina nadhiri.

Kidonda kilifunga kama mwezi wa pili wa matibabu hivi. Laktulosi sikuiacha ghafla, niliipunguza kidogo kidogo, maana choo kigumu kimoja tu kinatosha kuchana upya.