Harufu ya petroli ndani ya gari: nilivyoimaliza bila silikoni

Ukilalamika kwamba gari lako linanuka petroli, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kupaka silikoni. Wa pili ni kuning'iniza manukato kwenye kioo. Wa kwanza hauzibi kitu na wa pili unaficha hatari, kwa hiyo naandika jinsi nilivyoimaliza harufu hiyo kwenye Corolla ya injini ya 1NZ-FE, ile yenye pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma.

Mvuke wa petroli ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa unaweza kuwaka, na hubaki katika hali ya kuwaka hadi asilimia 7.6 hivi. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, ndiyo maana kufungua kioo kidogo hakusaidii: unatulia sakafuni, chini ya viti, mlemle zinamopita nyaya. Ndani yake mna kemikali iitwayo benzini, inayosababisha saratani ya damu kwa mtu anayeivuta muda mrefu. Mara nyingi gari linalonuka ni gari linalovuja, na watoto wanaokaa kiti cha nyuma ndio wanaovuta zaidi.

Kabla ya kushika spana, sikiliza harufu inakuja saa ngapi. Ikija asubuhi unapowasha injini ikiwa baridi, na ukiipata zaidi mbele, chunguza oringi (pete za mpira za kuziba) za nozeli zinazopulizia petroli, na mpira wa mafuta wa injini. Huko kuna presha ya kilopaskali (kPa) 304 hadi 343, kwa hiyo kinachovuja ni petroli yenyewe na hilo halisubiri kesho. Ikija baada ya kujaza tenki pekee, angalia kifuniko cha tenki na mpira mnene wa shingo ya kujazia. Ikija ukiwa umeegesha juani, nayo inatoka nyuma hata injini ikiwa imezimwa tangu jana, basi ni mvuke wa tenki: kichwa cha pampu (kifuniko chake juu ya tenki), mipira ya mvuke, au kopo la mkaa linalonasa mvuke huo hadi injini iuvute. Yangu ilikuwa ya aina hii ya mwisho. Kwa joto la Dar es Salaam gari likisimama juani mchana, petroli iliyo tenkini inatoa mvuke mwingi, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kuujaza ndani ya gari.

Usitegemee taa ya injini ikuambie. Magari yaliyouzwa Marekani yanalazimika kugundua tundu la milimita 1 na baadaye hata nusu milimita kwenye mfumo huu, ndipo zinapotoka kodi za hitilafu kama P0442 na P0455. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana kipimo hicho. Mashine ya kusoma kodi itakuambia gari ni zima wakati linavuja.

Chini ya kiti nilikuta silikoni nyekundu imepakwa kuzunguka kichwa chote cha pampu. Fundi aliyepita alifungua pampu, gasketi ikakataa kurudi kwenye mfereji wake, akaisukuma kwa kidole na kuifunika. Kukataa huko kuna sababu. Gasketi iliyokaa miaka mingi kwenye mvuke wa petroli inavimba na kuwa ndefu kuliko mahali pake, ikishatoka hairudi. Wengine huianika juani hadi isinyae kidogo, wanairudisha, kisha inavimba tena ndani na kujikunja. Na silikoni ya kawaida ya gereji haivumilii petroli. Inavimba, inalainika, inabanduka vipande, na vipande vinavyodondoka ndani vinakwenda kuziba chujio la pampu. Unamaliza na matatizo mawili badala ya moja.

Jaribio ambalo karibu kila fundi hulifanya ni kupaka maji ya sabuni huku injini inaunguruma. Nililifanya nami, hakuna povu lililotoka popote. Halitoki kwa sababu tenki linapumua kupitia kopo la mkaa, hivyo ndani hamna presha ya kusukuma povu, na injini ikinguruma inaweza hata kuvuta mvuke kuelekea kwake. Lazima uupe mfumo presha kutoka nje, na hapo ndipo penye hatari kubwa: presha ya kompresa ya gereji inapasua tenki la plastiki, inang'oa vali za ndani na kuharibu kopo. Mashine za kitaalamu za moshi hufanya kazi hii kwa takriban psi 0.5 tu, na hazitakiwi kuzidi psi 1. Geji ya tairi haiwezi hata kusoma kiasi hicho.

Maji yanaweza. Safu ya maji ya sentimita 30 ni sawa na kPa 2.9, yaani psi 0.43, na haihitaji geji ya kununua. Nilichukua dumu la maji ya kunywa la lita 18.9, lile linaloonesha ndani, nikalijaza maji. Nikakata mpira mweupe wa leveli, ule wa mafundi ujenzi, nikauwekea alama za wino kila sentimita 5, nikauzamisha hadi mdomo wake ukae sentimita 30 chini ya uso wa maji, na kuufunga usipande. Juu, mpira huo unaingia kwenye kiungio cha njia tatu. Tawi la pili linakwenda kwenye mpira wa mvuke wa gari, niliouchomoa mahali unapoingia kwenye vali ya kunyonyea mvuke, ile inayoruhusu injini kuuvuta, karibu na injini. Tawi la tatu linaleta gesi.

Utamu wa mpango huu ni kwamba dumu ni geji na ni kinga kwa wakati mmoja. Presha ikifika sentimita 30, gesi inatoka kwa mapovu ndani ya dumu, na alimradi gesi unaileta polepole, presha haiwezi kupanda zaidi hata ukisahau bomba wazi. Ukifunga bomba la gesi, maji yanabaki yamesukumwa chini ndani ya mpira. Kama kuna mahali panapovuja, utayaona yakipanda alama kwa alama.

Gesi yenyewe isiwe hewa. Juu ya petroli tenkini kwa kawaida mvuke ni mwingi mno kiasi kwamba hauwaki. Ukisukuma hewa humo unauchanganya kuelekea kiwango kinachowaka. Nilitumia nitrojeni. Peleka tairi la spea kwenye duka la matairi wanakojaza nitrojeni, wasiijazie juu ya hewa iliyomo: watoe yote kwanza, waijaze, waitoe, waijaze tena. Bei ni ndogo, haifiki ya chakula cha mchana. Tenki la lita 50 lenye robo ya mafuta linahitaji lita moja hivi ya gesi kufika presha hiyo, kwa hiyo tairi moja linatosha kurudia kipimo mara nyingi. Kati ya tairi na kiungio niliweka kichwa cha kujazia upepo, kisha kipande cha mpira wa dripu chenye gurudumu lake la kubana. Gurudumu hilo linapunguza gesi vizuri kuliko bomba lolote la shaba nililowahi kushika.

Upande wa pili, tundu ambalo kopo la mkaa linapumulia hewa ya nje lazima lizibwe kwa kizibo cha mpira, la sivyo utapuliza hadi tairi liishe. Kopo lenyewe linafichwa: magari mengine liko karibu na injini, mengine juu ya ekseli ya nyuma, mengine limeunganishwa na pampu ndani ya tenki. Fuata mpira wa mvuke utalifikia.

Fanya kipimo alfajiri, kivulini, gari likiwa limelala na tenki liko kati ya robo na nusu. Jua likilipiga tenki, petroli inaongeza mvuke na presha inajipandisha yenyewe, na tundu dogo linajificha nyuma ya ongezeko hilo. Fanya nje, mbali na shimo la gereji, kwa sababu mvuke unamiminika shimoni na kukaa. Milango yote wazi nusu saa kabla ya kugusa betri. Cheche ya kuchomoa waya hasi kwenye gari lililojaa mvuke ndiyo unayoikimbia. Tochi ya LED iwashwe ukiwa mbali. Ile balbu ya waya ya umeme wa nyumbani isisogee kabisa, ikidondoka na kupasuka karibu na tenki lililo wazi hakuna wa kukimbia. Kizimamoto cha poda kikae unapofika kwa hatua moja.

Maji ya sabuni yawe mazito, na ukitia matone ya gliserini povu litadumu. Paka kwa brashi laini, subiri dakika nzima kila mahali. Ukingo wa kichwa cha pampu ulitoa povu pande mbili, kama nilivyotegemea. Lakini kipimo hakiishii kwenye tundu la kwanza. Baada ya kuweka gasketi mpya nilirudia yote, na maji yakaendelea kupanda, taratibu sana, sentimita 5 kwa dakika chache. Povu jembamba likajikusanya kwenye shina la nipeli ya mvuke (kijibomba kinachovalishwa mpira), pale plastiki inapokutana na kichwa cha pampu. Juu yake kulikuwa na klipu ya skrubu iliyokazwa kwa nguvu zote. Klipu ya skrubu imetengenezwa kubana mpira juu ya bomba la chuma. Juu ya nipeli ya plastiki inapasua. Weka klipu ya springi ya gari lenyewe, inabana kiasi kilekile mpira ukiwa wa moto au wa baridi.

Ufa huo haugundishwi. Plastiki ya vichwa vya pampu inavumilia petroli, lakini gundi nyingi haziishiki, na epoksi ni mojawapo ya visivyoshika: inakauka ngumu juu yake, kisha inabanduka nzima. Kichwa cha pampu kilichotumika kinapatikana Ilala na Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei ya kupatana. Kabla ya kulipa, pinda kila nipeli kidogo kwa kidole mbele ya mwanga.

Kufungua pampu kuna mambo machache ambayo hayasamehe. Toa presha kwanza: chomoa soketi ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe. Mafuta yasizidi nusu ya tenki. Futa mchanga wote kuzunguka kichwa kabla ya kukilegeza, kwa sababu hapo chini ya kiti vumbi la miaka linasubiri kuanguka ndani. Silikoni ya zamani niliikwangua kwa kadi ya benki iliyoisha muda, siyo kwa brashi ya waya. Gasketi mpya ipake tone la petroli au mafuta safi ya injini ili isijikunje, grisi haifai. Boliti zikazwe kwa kupishana pande, raundi tatu, mkono mwepesi. Ni ndogo, na uzi wake ukiharibika utatamani ungekuwa bado na harufu.

Sasa mipira, ambako watu wanaibiwa sana. Mwenye duka atakuambia kila mpira mweusi ni wa mafuta. Soma maandishi ubavuni: J30R7 ni wa mvuke na presha ndogo, J30R9 ni wa presha ya injini za nozeli, na J30R10 ndio pekee wa kuzama ndani ya tenki, kwa sababu ile mingine inaharibika petroli ikiushika upande wa nje. Gasketi na oringi hazina maandishi, basi zipime. Nunua moja ya ziada, pima unene wake kwa kalipa, iache saa 24 kwenye chupa ya kioo yenye petroli na kifuniko, nje ya nyumba, kisha pima tena. Mpira wa EPDM, unaotumika kwenye breki, unavimba mpaka unauona bila kalipa. Naitraili inavimba kidogo. FKM, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viton, karibu haibadiliki, na inafaa kulipia zaidi.

Usimkubalie fundi anayetaka kung'oa kopo la mkaa na kuacha mpira ukining'inia, kwani mvuke wote wa tenki unatoka hapo chini ya gari. Wala anayeziba mpira huo kwa boliti. Tenki likikosa hewa linanyonyeka, pampu inahangaika, na ukifungua kifuniko unasikia mvumo mrefu. Wapo pia wanaojaza kopo mkaa wa kupikia. Mkaa wa ndani ya kopo umetengenezwa maalumu kuwa na vinyweleo vingi mno vinavyoshika mvuke hadi injini iuvute na kuuchoma, na wa jikoni haufanyi hivyo. Unatoa vumbi linalokwenda kukwama kwenye vali ya kunyonyea. Vali hiyo ikiwa haina umeme inatakiwa iwe imefunga kabisa. Ipulize kwa mdomo, usiivute. Ikipitisha pumzi, badilisha.

Kinachoua kopo ni kujaza mafuta hadi shingoni. Pampu ya kituo ikikata, imekata. Lita moja zaidi inayosukumwa na mhudumu inapitia njia ya mvuke ikiwa kimiminika, inaulowesha mkaa, na mkaa uliolowa hivyo huendelea kunuka kwa wiki kadhaa hata kila kitu kingine kikiwa kizima. Ndiyo maana baada ya matengenezo nilisubiri bila kufungua tena chochote. Kipimo cha dumu kilikuwa kimesimama kwenye alama ya 30 dakika kumi nzima, kwa hiyo harufu hafifu iliyobaki ilikuwa ya kapeti na sponji ya kiti. Nilivitoa, nikaviosha, na kuvianika siku nzima kabla ya kuvirudisha.