Miti iwe ya mwisho: kugeuza machimbo ya dhahabu Kakamega kuwa bustani ya asili

Mvua za Machi zikianza, kuna kikundi kitakachobeba miche hadi kwenye machimbo ya zamani kando ya mto, kiipande, kipige picha, kiende. Kufika Januari miche imekauka au imeliwa na ng'ombe. Mti ukipandwa kabla ya shimo na matope kushughulikiwa, hiyo ni kazi bure.

Watu walimiminika Kakamega kutafuta dhahabu mwaka wa 1931. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952, lakini wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo, na wao hutumia zebaki. Jiwe husagwa likawa unga, likaoshwa kwenye karai, zebaki ikamwagwa humo ishike chembe za dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na kidonge kinachobaki, cheupe kama fedha, huchomwa juu ya makaa. Sehemu ya zebaki hupaa na moshi, nyingine huenda na maji ya kuoshea hadi kwenye kidimbwi. Humo ndani ya matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki, na samaki anayekula wenzake ndiye huibeba kwa wingi.

Kwa hiyo peleka matope maabara kwanza. Zebaki ikipatikana, usiyachimbue wala kuyasukumia mtoni. Yafunike kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, ukipanda nyasi juu. Na wazo la kufuga samaki humo, ambalo halikosi mtu wa kulitoa mkutanoni, likataliwe siku hiyo hiyo.

Mashimo marefu ndiyo huua. Mbao za zamani zimeoza, na mdomo wa shimo unaweza kubomoka chini ya miguu ya mtu. Jaza kwa tabaka za sentimita 30, kila moja ikishindiliwa, na juu uache kichuguu, maana udongo utashuka mvua ikinyesha. Ukimwaga lori zima kwa mara moja, mwaka ujao utakuta bonde. Mapango yenye popo yafungwe kwa vyuma vinavyowaachia popo njia, na wageni wasiingie: mwaka wa 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliambukizwa Marburg, homa hatari ya virusi ambayo popo huibeba.

Kingo za mto zilazwe: kwa kila mita moja ya kwenda juu, mita mbili au tatu za kwenda nyuma. Panda vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu inayoshika udongo, kwa mistari inayokata mteremko, shina hadi shina sentimita 15. Ukiacha nafasi ya hatua nzima, maji hupenya hapo na kuchimba korongo jipya.

Miti sasa, ile ya kienyeji. Karibu na maji musemwa, juu zaidi mukumari, lusiola na musine, mita 3 kwa 3, shimo la sentimita 60 kwa sababu kifusi hakina rutuba. Jaza udongo wa juu na samadi iliyooza. Mikaratusi isikaribie mto. Mipera michanga, ambayo huenea na kuvamia, ng'oa na mizizi yake, kwani ikikatwa huchipua. Lakini mpera mkubwa uuache kwanza: ndege wanaofuata mapera hudondosha mbegu za msituni, na chini yake utaokota miche ambayo hukuinunua.