Ni ya ukweli ama ni ya kompyuta?

Usingizi umekataa, basi niandike.

Mnaonifuata mnakumbuka nilisema kuna kituo kimoja cha redio, hizi redio za siku hizi zinazorusha na picha, kinataka kunihoji kuhusu mikoko yetu ya Lamu. Mahojiano yamepita. Wenyewe wamesema yalikuwa mazuri, na bosi ameisambaza video kwa kila aliye naye kwenye simu. Wiki hii hii Swaleh kaoa, na ofisi yetu imehamia Mokowe, ng'ambo bara, kwa hivyo sasa kila asubuhi ni boti. Hayo yote ni kheri. Linalonikesha ni swali moja, na halikuwa hata kwenye mahojiano yenyewe. Lilikuja kabla, yule kijana akijaribu sauti.

"Dada, hiyo kitu iko nyuma yako ni ya ukweli ama ni ile ya kompyuta?"

Nikageuka kutazama, kana kwamba mimi ndiye mgeni. Zidaka za Bibi, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Safu juu ya safu, chokaa iliyochongwa na fundi ambaye hata Bibi mwenyewe hakuwahi kusikia jina lake.

"Ni ukuta," nikamwambia.

"Wacha! Mimi nilidhani umeitoa kwa intaneti. Iko poa sana. Haya, tuanze na hiyo mikoko."

Basi, hayo tu. Akaanza, nami nikajibu ya mikoko: kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii yetu, kwamba boriti za mikoko zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mdomo unasema mikoko, moyo uko ukutani. "Ni ukuta." Jibu gani hilo? Ningemwambia geuza macho juu, ndugu yangu, hizo boriti unazoniuliza ndizo zilizobeba dari hii. Ningetia mkono kidakani nikatoa sahani nikaigonga kwa ukucha aisikie. Ningemwambia mji huu UNESCO waliuandika kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2001, na hawakuja kuorodhesha picha za kompyuta. Yote hayo yalinijia nikiwa naosha vyombo.

Na kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe nyuma yake palikuwa na ukungu. Ule unaowekwa na programu ili watu wasione kitanda hakijatandikwa. Kila akitikisa kichwa, sikio la kushoto linapotea, linarudi. Mtu asiye na sikio ananiuliza mimi kama nina ukuta!

Tena si kwamba nilikaa pale kwa kuringa. Nilikaa ndani kwa sababu ndiko kelele za punda zisikofika. Kuta zenyewe nene hata mtandao haupenyi, ikabidi Athman avute waya kutoka msanani, ule ukumbi unaotazama ua. Na vyumba vyetu mnavijua, virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Huwezi kurudi nyuma ukaacha nafasi. Weka kompyuta upande huu, kaa upande ule, na kamera haitaona ila wewe na zidaka.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulibishana mimi na Athman kitu gani kiwe nyuma yangu. Yeye alitaka picha yake, ile ya jicho la jahazi, kama yale yanayochorwa mbele ya chombo, aliyoichora kwenye ubao wa mashua kuukuu. "Watu wakiiona watainunua," alisema. Mimi nikaitia Ayatul Kursi yenye fremu, kisha nikashtuka kuona kwenye skrini maandishi yamegeuka kushoto kulia. Ikabidi nipige picha ya majaribio, niitume kwenye kundi la ofisi, ndipo wakaniambia kwao inasomeka sawa. Kumbe programu humgeuzia mtu sura yake mwenyewe tu, kama kioo. Hata hivyo niliitoa. Nikaacha zidaka na sahani za Bibi za buluu.

Tangu korona mambo haya yamekuwa kazi. Mwaka 2020 kulikuwa na akaunti ya Twitter, Room Rater, iliyokuwa ikiwapa watu alama kati ya kumi kwa vyumba walivyoonekana navyo kwenye runinga: picha ukutani, vitabu, maua, hata waya ukining'inia vibaya. Na yule Profesa Robert Kelly, 2017, akizungumza na BBC kutoka Busan kuhusu kung'olewa kwa rais wa Korea Kusini, watoto wakamwingilia chumbani. Dunia nzima inawakumbuka watoto. Palikuwa na ramani ukutani pia, na sijasikia mtu aliyemuuliza kama ile ramani ni ya kweli.

Jana nikamweleza Bibi, nikitaka anihurumie.

"Amekuuliza ni'ni?"

Nikarudia.

Akanyamaza. Kisha: "Kwani ameziona zidaka zangu?"

"Ameziona, Bibi. Wameziona wengi."

"Na kitanda?"

"Kitanda hakikuonekana."

"Marafiki wa babuyo wamekunywa kahawa dakani, pale mlangoni, mpaka wakafa, hakuna aliyejua humu ndani mna zidaka ngapi. Wewe umemtia mtu wa redio?" Akacheka mpaka akakohoa. "Na adhani ni urongo. Ni kheri."

Sikuwa nimelifikiria hivyo hata kidogo. Mimi nimekesha nikitaka ule ukuta uaminiwe, na mwenye ukuta hakutaka hata uonekane. Uzuri wote ule uliwekwa chumba cha mwisho kabisa, mgeni apite daka, apite tekani pa kuingilia, apite kiwanda, yaani ua wa ndani, na msana, na bado hajafika. Nikamwonyesha video. Mimi hakunitazama. Alikodolea macho bega langu muda wote, mwishowe akasema sahani ya pili imekaa upande. Tukacheka tena, na nikajua kwamba yule kijana nimemsamehe. Athman alikuwa mlangoni, naye hakukosa la kusema: "Ungeweka yangu asingeuliza. Picha inajulikana ni picha."

Sasa sikilizeni la leo. Mkutano wa asubuhi, sote kwenye skrini, na mwenzetu wa ofisi ya Mombasa amekaa mbele ya zidaka. Zidaka zile zile, Ayatul Kursi yangu, na sahani ya pili imekaa upande. Kachukua ile picha yangu ya majaribio akaifanya pazia lake la nyuma! Kila mmoja anamsifu, nyumba nzuri, nyumba nzuri, naye anapokea salamu bila haya, ukingo wa shati lake ukimumunyika ndani ya chokaa. Nilizima kamera nikacheka peke yangu. Bibi sijamwambia, na nyinyi mnaopita kwetu msimwambie.

Ningeandika zaidi lakini kuna la Khadija. Majibu ya gredi ya 10 yametoka, amepangiwa shule ya bweni, Kericho kwenye baridi. Mtoto ambaye hajawahi kulala mahali pasipo na joto. Barua inataka sweta mbili za maruni. Nimezunguka mtaa wa Langoni wote, sweta zilizopo ni za kijani, na moja ya watoto wachanga. Shangazi yake anasema Mombasa zipo, lakini hajui ni duka gani, na shule inafungua Jumatatu.