Mtoto wa Mbwa Anapougua Baada ya Kuuzwa

Ninafuga na kuuza mbwa wa ulinzi karibu na Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, na wanunuzi wangu wengi hutoka Kisumu, Kericho na Kakamega. Simu ninayoipa uzito kuliko zote ni ya mteja anayesema kwamba mtoto wa mbwa aliyemchukua juzi amekataa kula. Mara nyingi mazungumzo ya aina hii huharibika kwa sababu pande zote mbili huanza kutafuta wa kulaumiwa, ilhali mnyama mwenyewe anazidi kuishiwa na maji mwilini.

Mwalimu mmoja wa Kisumu alinipigia akiwa na hasira. “Mama, umeniuzia mbwa mgonjwa. Nirudishie pesa zangu.” Nilimwuliza kama mbwa anatapika, na kama anaharisha damu. Alipokubali yote mawili, nilimwambia, “Mwalimu, habari ya pesa tutaizungumza na sitaikwepa, lakini tafadhali mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, kisha unipe niongee naye.” Sikumtajia dawa yoyote, wala simtajii mteja yeyote dawa kwa simu, kwa kuwa wapo wanaokimbilia vidonge vya maumivu vya binadamu, na baadhi yake, kama ibuprofen, huweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake.

Daktari alipima kinyesi akakuta ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Alimwekea maji kwa mshipa, akampa dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki ya kukinga bakteria wanaopenya kwenye utumbo ulioharibika.

Hapo ndipo nilipomweleza mwalimu jambo ambalo naona wauzaji wengi hulificha. Dalili za parvo kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 7 baada ya maambukizi, na mbwa wake alikuwa hajamaliza wiki moja tangu atoke kwangu. Kwa hiyo huenda aliondoka hapa akiwa na virusi tayari. Alikuwa amepata chanjo ya kwanza, na kadi yake ilionyesha hivyo, lakini kinga anayoipata mtoto kutoka kwa mama yake huweza kuizuia chanjo kufanya kazi, na ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe angalau wiki 16. Karatasi tunayotia sahihi wakati wa kuuziana inasema kwamba parvo ikijitokeza ndani ya siku 14 za kwanza, gharama ni yangu. Niliisoma pamoja naye kwa simu, nikamlipa daktari kwa M-Pesa, na sauti ya mwalimu ikatulia.

Jioni hiyo hiyo niliwapigia wote waliochukua ndugu za mbwa huyo. Kazi hii haifurahishi hata kidogo, kwani unampelekea hofu mtu ambaye hakuwa na malalamiko, lakini mbwa huanza kutoa virusi kwenye kinyesi hata kabla ya dalili kuonekana, na saa chache za kuwahi matibabu huweza kuokoa uhai. Naamini muuzaji asiyepiga simu hizo hastahili kuuza tena.

Si kila kuhara ni parvo, bila shaka. Minyoo, maziwa ya ng'ombe na chakula kilichobadilishwa ghafla huleta malalamiko mengi zaidi, na kwa sababu hiyo kila mbwa huondoka na chakula alichokizoea.

Mbwa wa mwalimu hakupona. Nilimrudishia pesa zote, naye akaomba apewe ndugu yake aliyebaki, maana watoto wake walikuwa wakilia. Nilikataa, nikamweleza kwamba virusi hivyo huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, na kwamba sabuni ya kawaida haiviui. Aliosha sakafu na vyombo kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, akaiacha kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Baadaye alipokuja kuchukua mwingine, nilimpa aliyepita wiki 16 na kumaliza chanjo zake, ingawa watoto walitamani mdogo zaidi.