Simu inabaki kabatini

Kazini kwangu hapa Iowa, Marekani, unaoga kabla hujachafuka. Unavua kila kitu mpaka pete, unapita bafuni, unatokea upande wa pili na kuvaa ovaroli na buti za shamba. Wanasema ni kuwakinga nguruwe na magonjwa, na ni kweli, ugonjwa mmoja ukiingia hasara yake haisemeki. Ila simu nayo inabaki kabatini, na hapo kila mtu anajua ipo sababu ya pili.

Jimbo hili lina watu milioni 3 na ushee, nguruwe zaidi ya milioni 20. Mwaka 2012 walitunga sheria ya kumtia hatiani anayedanganya ili aajiriwe shambani akiwa na nia ya kufanya asiyoruhusiwa na mwenye shamba, kama kurekodi kwa siri. Januari 2019 mahakama ya shirikisho ikaibatilisha. Machi wakatunga nyingine. Ndiyo maana siku ya kuajiriwa niliwekewa karatasi mbele nitie sahihi kwamba sikutumwa na mtu. Mimi, mtoto wa Moshi niliyezoea kula kitimoto bila kuuliza aliishije!

Wenyeji hawakubaliani. Mzee mmoja jirani, mfugaji tangu ujana, aliniambia anayekudanganya mlangoni ili aingie ni mwizi, hata akitoka mikono mitupu. Benchi hilohilo kanisani hukaa mama mmoja, binti wa mkulima vilevile, na yeye hachoki kusimulia ya California mwaka 2008. Ng'ombe walioshindwa kusimama walisukumwa kwa foklifti ili wafike machinjioni, na wakaguzi wa serikali walikuwa na kazi yao palepale. Aliyekuja na kamera ya kuficha ndiye aliyefichua. Ikatangazwa pauni milioni 143 za nyama zirudishwe, na nyingine ilikuwa imeshapelekwa kwenye chakula cha mashule. "Bila huyo mwongo tungejuaje?" huuliza mama.

Wote wawili nawaelewa. Ila katika ugomvi wao sijawasikia wakimtaja mtu kama mimi.

Siku ya pili kazini nilifundishwa kuua. Kitoto dhaifu, kisichoweza hata kunyonya, unakishika miguu ya nyuma na kukipiga kichwa sakafuni, mara moja tu, kwa nguvu zako zote. Aliyenifundisha alisema ukisitasita ndipo unapokitesa. Kwa sheria za hapa si kosa. Sasa ichukue hiyo picha, sekunde tano, uso wangu ndani yake, iweke kwenye simu za watu wanaokula bekoni asubuhi. Nani atasimama kueleza? Video kama hizi zikitoka, mara nyingi kampuni husema wahusika wameshafukuzwa, na mhusika ni yule aliyeshika mguu. Kizimba cha futi 2 kwa 7, ambamo nguruwe jike mwenye mimba hawezi hata kugeuka, aliyekichora yuko ofisini na hana kamera ya kuiogopa.

Mwaka juzi aliletwa kijana mgeni, buti mpya, maswali mengi. Kwa nini mikia inakatwa? Mbona wanahasiwa bila ganzi? Tuliacha kuongea Kiingereza mbele yake. Papa mmoja, mzee wa Uvira kule Kongo, tunayefanya naye zamu, alininong'oneza, "Mwanangu, huyu anaangaliaka sana." Wiki ya tatu hakurudi. Wengine walisema ni harufu, amonia ile inatoa machozi. Sisi wawili tulikaa mwezi mzima tukifungua video mtandaoni kila usiku, tukitafuta nyuso zetu.

Maswali yake, kusema kweli, yalikuwa ya haki. Nami nilijiuliza hayohayo wiki ya kwanza, kisha nikaacha.

Jumapili iliyopita yule mama alinivuta pembeni baada ya ibada, akaniuliza kama mimi ningethubutu kurekodi. Nilimwambia simu yangu inabaki kabatini. Akanitazama, akanikunjia keki mbili kwenye karatasi, niwapelekee watoto.